Fundi Asiyegusa Mshipi

Zedekiah Baluku alikuwa na jezi ya kijani yenye neno FUNDI mgongoni, na pale Katunguru, kijiji cha wavuvi, hakuna aliyekumbuka kumwona bila jezi hiyo isipokuwa siku ya Sabato. Hata hiyo Sabato hakuiacha kwa hiari. Ilibidi mzee wa kanisa amwite pembeni, amweleze kwa upole kwamba Mungu anawajua mafundi wake bila kuwasoma mgongoni. Zedekiah alikubali, ila alinuna mpaka jua likazama.

Jezi hizo walipewa wavuvi wachache tu, wale waliotambuliwa na kamati ya mashindano ya uvuvi katika mkondo wa Kazinga. Mashindano yenyewe yalikuwa hivi: kila mtumbwi ulichukua washindani wawili, fundi mmoja na mwanagenzi mmoja. Fundi alikuwa mvuvi mwenye leseni, mtu anayeishi kwa maji. Mwanagenzi angeweza kuwa mtu yeyote asiyekula kwa uvuvi, awe mwalimu, askari, mwuza nguo au kasisi. Wawili hao walivua kwa mshipi wa mkono, ndoano moja, na mwenye samaki mzito kuliko wote akabeba kombe.

Nasema wawili hao walivua, lakini hapo nimewapaka mafuta. Miaka ile fundi ndiye aliyevua, na mwanagenzi alikaa katikati ya mtumbwi chini ya mwavuli akila kuku. Zedekiah alikuwa akimchukua afande mmoja wa polisi kutoka kambini, mtu mnene na mkarimu, na mwaka mmoja afande huyo alishinda kombe akiwa amelala. Waliporudi pwani walimwamsha ili apigwe picha na samaki wake.

Na kwa nini asilale? Mikono ya Zedekiah ilitosha. Alizaliwa Munkunyu katika ukoo wa wakulima wa pamba, akakimbilia majini akiwa kijana kwa sababu jembe lilimchosha roho, na tangu hapo mikono yake ilijifunza yote bila kumshirikisha kichwa. Mshipi ukitikisika, mkono wa kushoto unakaza. Samaki akichomoza, mkono wa kulia tayari una rungu, na samaki anaingia mtumbwini akiwa amekwisha kufa. Yote hayo yalikuwa kitendo kimoja, kama mtu anayepiga chafya. Rungu halikuwa ukatili. Katika mkondo ule kuna kamongo, samaki mrefu kama nyoka aliyenenepa, anayepumua hewa kama mimi na wewe, na mwenye meno yasiyojua mzaha. Kamongo mmoja alikwisha kula ncha ya kidole cha Zedekiah. Kwa hiyo wavuvi wote wa pale huua kwanza, salamu baadaye.

Kisha kanuni zikabadilika.

Aliyezisoma alikuwa Jalia, katibu wa kamati, mama mwenye duka la vitambaa mjini Kasese na sauti isiyohitaji kipaza. Samaki wakubwa wanapungua, alisema, na watu wamechoka kuona wanagenzi wanaolala. Kuanzia sasa chambo kikishaingia majini, fundi haruhusiwi kugusa mshipi, wala kumgusa samaki mpaka apimwe. Kazi yake ni kuendesha mtumbwi na kuelekeza kwa mdomo, tena kwa lugha ambayo mwamuzi aliyemo mtumbwini anaielewa, ili asije akapitisha ujanja. Samaki atapimwa akiwa hai. Akishapimwa, fundi mwenyewe ndiye atakayemrudisha majini, na samaki asipoogelea akaenda zake, uzito wake unafutwa. Mwisho, fundi atakayetoka mikono mitupu miaka miwili mfululizo atarudisha jezi na kuhesabiwa mwanagenzi.

Zedekiah alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuna mtu ambaye angemtoa katika imani kwamba kanuni zile zilitungwa kwa ajili yake yeye, jina lake tu halikutajwa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa kichekesho. Afande alijitoa mapema, akasema yeye alikuwa akija kupumzika, na kama ni kuvuta kamba atavuta kambini. Mafundi wawili wazuri waliacha kabisa. Zedekiah alipewa mwalimu kutoka Muhokya, kijana mstaarabu, na mara mbili mshipi ulipokaza Zedekiah alimnyang'anya bila hata kujua amefanya hivyo. Mara ya pili mwamuzi aliwatoa mashindanoni. Na kombe likachukuliwa na nani? Na Sunday, mvuvi ambaye nyavu zake zilikuwa zikichekwa pwani nzima, lakini mdomo wake haujawahi kufungwa hata akiwa na homa. Sunday alimwelekeza mwanagenzi wake kuanzia asubuhi kama mtangazaji wa mpira, na wakaibuka na ngege, yaani sato, mkubwa ajabu.

"Siku hizi samaki wanavuliwa na midomo," Zedekiah alimwambia mkewe, Naome, walipofika nyumbani.

"Basi jifunze kutumia wako," Naome alisema. "Mimi nimekaa nawe miaka yote hii nikingoja ufunguke."

Ulipokaribia mwaka wa pili, hakuna aliyetaka kuwa mwanagenzi wa Zedekiah. Alizunguka Katunguru yote, watu wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Ndipo akapanda bodaboda kwenda Bwera, mpakani, kumtafuta Marie-Louise.

Marie-Louise alikuwa Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki wa kujipiga msalaba kabla ya kupanga biashara, aliyevuka mpaka na binti yake Alliance wakati kwao kulipochafuka. Watu walimwita Mama Alliance. Alikuwa na meza ya samaki katika soko la Bwera, na samaki wengi wa Zedekiah walipitia pale, wengine wakiwa wamekaushwa kwa moshi, wengine kwa chumvi. Waliongea Lukonzo, lugha yao, bila shida, kwa maana watu wa pande zote mbili za mpaka ule ni ndugu. Zedekiah alimweleza haja yake. Mama Alliance akaacha kupepea nzi.

"Na mwamuzi ni nani?"

"Afande Opio wa jeshi. Anatoka mashariki. Lukonzo hajui hata salamu."

"Kwa hiyo utaniongoza kwa Kiswahili." Hapo hapo akageuza lugha. "Bon. Anza leo, Papa Zedekiah. Uniambie kitu na Swahili, niko nakusikiliza."

Zedekiah akatafuta. Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi waliokuwa wakilinda ziwa, na wanajeshi hawakuwahi kumweleza jambo, walimwamuru tu.

"Kaa," alisema hatimaye. "Simama. Leta."

Wauza samaki wa meza za jirani walicheka mpaka wakashikana. Mama Alliance hakucheka.

"Nitakuja," alisema. "Hii samaki ninauza toka zamani, na sijaona siku moja namna inatoka mu mayi. Niko na hamu. Lakini weye utazungumuza na miye kama mutu. Miye siko mbuzi."

Alikuja Jumapili baada ya misa, na Jumapili zilizofuata, kufanya mazoezi. Mshipi aliuzoea upesi. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya kubeba makarai, na subira ya mtu anayengoja wateja. Taabu ilikuwa kwa fundi. Samaki wa kwanza aliyevutwa na Mama Alliance alikuwa kambare wa wastani, na kabla hajachomoza vizuri, rungu lilikwishamfikia. Wote wawili wakamtazama marehemu.

"Papa Zedekiah."

"Mkono ilienda yenyewe," alisema, na alikuwa akisema kweli tupu.

Jumapili iliyofuata aliliacha rungu nyumbani. Akaua kwa kasia. Waliposogeza kasia nyuma ya mtumbwi, akaua kwa ndala aliyoivua mguuni, na hakuna aliyeona aliivua saa ngapi. Jioni hiyo alirudi nyumbani mguu mmoja mtupu, maana ndala ilikwenda na maji, akaketi mbele ya Naome amechoka kabisa. Alimwambia kwamba labda ni kweli, labda ufundi wake wote ulikuwa mikononi tu, na yeye mwenyewe mtu mzima hajui lolote. Ilimuuma kulisema hilo. Alikuwa akiona kama wanataka kumvua ngozi, siyo jezi.

Naome alikuwa akichambua maharage. "Kama mikono haikusikii," alisema, "mwambie mama wa watu aifunge."

Alisema kwa utani. Mumewe hakucheka. Alikwenda kulala bila kula.

Siku ya mashindano Katunguru ilijaa hadi juu darajani. Walikuwepo watu wa Busongora, akina mama kutoka barakisi, kambi ya wanajeshi, waliobeba watoto, wafanyabiashara wa Kikongomani wenye mashati ya kung'aa. Mitumbwi ilisogezwa kwenye nafasi zake, kila mmoja na nanga yake, mbali na viboko. Afande Opio, mwanajeshi mrefu mwenye kofia iliyonyooka, aliketi mbele ya mtumbwi wa Zedekiah. Mama Alliance alikaa katikati. Nanga ilipozama, Zedekiah akaweka kasia chini, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya mwanagenzi wake, na Mama Alliance akatoa kitenge begani na kuanza kumfunga viganja.

"Mzee," Opio alisema. "Hiyo kitambaa ni ya nini?"

"Mkono yangu ni mbaya, afande. Inaua."

Opio alitafakari. Alikagua fundo, akaona ni la kuvuta mara moja likafunguka, ili kiboko akija mtu asife kijinga. "Sheria haikatazi," alisema. "Endelea."

Mtumbwi wa Sunday haukuwa mbali, na Sunday hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipaza sauti kwamba Zedekiah amekamatwa na mama wa Kikongomani, jamani nani atamwekea dhamana. Kicheko kikatoka mtumbwini kikafika pwani, kikapanda darajani. Zedekiah aliona aibu ikimpanda shingoni kama upele. Mtu aliyewahi kubebwa juu kwa juu pwani ile, leo ameketi kama mwizi wa kuku, ndani ya jezi iliyoandikwa fundi.

"Batu bote beko banatucheka," Mama Alliance alisema, akitia chambo.

"Wacha," alisema Zedekiah.

Asubuhi ilienda vibaya. Mshipi ulitikisika mapema, na Zedekiah akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile cha wanajeshi. "Vuta. Vuta! Wacha. Wacha! Shika. Haraka!" Mama Alliance alivuta alipoambiwa aache, akaacha alipoambiwa avute, kwa sababu kila amri ilimfikia wakati samaki amekwishabadili mawazo. Mshipi ukalegea. Ndoano ikarudi tupu, imenyooka kidogo. Kutoka kwa Sunday zikasikika shangwe, wamepata ngege mwingine wa kutisha.

Mama Alliance aliweka mshipi magotini. Hakukasirika, lakini alizungumza polepole, kama anayemweleza mteja kwa nini bei haitashuka.

"Papa Zedekiah. Unaniambia vuta, unaniambia wacha. Miye sioni kitu. Naona mayi tu. Weye unamuona samaki kule chini, hapana na macho, na roho. Basi usiniambie mikono yangu ifanye nini. Unielezee samaki iko anafanya nini. Mikono ni yangu, itajua."

Zedekiah aliyageukia maji. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza samaki anafanya nini. Walimwuliza amepata ngapi. Na sasa alipojitazama ndani, akashangaa kukuta analo jibu, na ni refu.

Chambo kilipozama tena, alianza kwa sauti ya chini, akitafuta maneno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Sasa chini iko matope. Samaki kubwa inalala hapo, kando ya majani. Jua imepanda, haitaki kutembea. Inanusa tu."

"Ndiyo," alisema Mama Alliance.

"Ingine ndogo inakuja. Inagonga chambo na mdomo. Tik, tik. Hiyo ni mtoto, wacha icheze."

Mshipi ulicheza vidoleni mwa Mama Alliance, tik, tik, kama alivyosema, na yeye akatulia. Opio aligeuza shingo. Walikaa hivyo asubuhi ikasonga, fundi akisimulia matope na majani na samaki wadogo wasio na adabu, mpaka ile tik, tik ikakoma kwa ghafla.

"Mtoto imekimbia," alisema Zedekiah. "Mkubwa imekuja."

Mshipi haukutikisika. Ulianza tu kwenda, taratibu, kama kitu kinachoondoka na mzigo wake.

"Hii si ngege. Ngege inapiga. Hii ni kamongo, na ni mzee. Imemeza. Haijui bado kama iko na ndoano. Inarudi nyumbani." Mama Alliance akaacha mshipi utembee, kisha mwenyewe, bila kuambiwa, akaukaza. Maji ya chini yakachafuka. "Sasa imejua. Inazungusha mwili yake, inataka kukata kamba na mgongo. Ina hasira sana. Hasira ya kamongo hairefuki. Sasa inavuta kwa majani. Ikifika kwa majani, imetushinda."

Mama Alliance akaegemea upande wa pili, akapiga goti, akamgeuza. Jasho lilimtiririka puani. Katika mitumbwi ya jirani watu wakaanza kusimama. Zedekiah hakuwaona, alikuwa chini kule kwenye matope.

"Imechoka?" aliuliza Mama Alliance.

"Haijachoka. Imekosa hewa." Sauti yake ikabadilika. "Mama Alliance, usivute tena. Ngoja. Hii samaki inapumua kama wewe. Imepigana, sasa kifua inauma. Itakuja juu yenyewe, karibu yetu. Chukua gunia ile ya kubebea samaki, loanisha, fungua mdomo ya gunia ndani ya maji. Kamongo inapenda shimo. Ikivuta hewa itatafuta shimo ya kujificha, na shimo ni gunia."

Sijui kama Zedekiah aliwahi kusema maneno mengi namna ile kwa pumzi moja katika lugha yoyote, ya mamaye ikiwemo. Mama Alliance alishika mshipi kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine. Wakangoja. Kisha maji yakapasuka kando ya mtumbwi na kichwa kikatoka, kipana, cha kijivu, chenye macho madogo ya dharau, mdomo wazi, na mkono wa Mama Alliance ulikuwa pale pale mbele ya meno.

Mikono ya Zedekiah ikaruka. Kitenge kikakaza. Alihitaji kulivuta fundo mara moja tu, na kila mfupa wake ulimtaka avute, maana mawazoni tayari alimwona yule mama akipoteza kidole kama yeye. Akafumba macho. "Iko natazama mkono yako," alisema, na sauti haikutetemeka. "Hapana ondoa. Ukiondoa, itauma. Sogeza gunia polepole. Inaona giza. Inapenda hiyo giza."

Alisikia kitu kizito kikiteleza. Alipofumbua macho, gunia lilikuwa limejaa, na Mama Alliance alikuwa amelikumbatia kifuani akijipiga msalaba kwa mkono wenye vidole vyote. Afande Opio alivua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena upande upande.

"Mikono ya fundi haikugusa," alitangaza, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mama Alliance alipiga kasia mpaka pwani, na hapo walitundika gunia kwenye mizani, wakatoa uzito wa gunia tupu, na Jalia akasoma. Ngege wa Sunday alikuwa ameachwa mbali, hata ungemwongezea ndugu yake. Watu wakanguruma. Jalia akainua mkono: bado. Samaki hajaenda zake.

Wakamfungua Zedekiah. Viganja vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akavikunjua na kuvikunja, akaingia majini mpaka kiunoni, na Mama Alliance akamwagia kamongo mikononi. Samaki hakuondoka. Alilala pale kama gogo, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, amechoka kwa pambano na jua la njiani. Hapo kila mwenye mdomo akawa mwalimu. "Msukume mbele na nyuma," walipiga kelele, "maji yapite kwenye mashavu." Sunday alikuwa amefanya hivyo na ngege wake alikwenda mshale. "Mzamishe, mzee. Anakufa. Mzamishe."

Mikono ile ilikuwa imeua samaki wasiohesabika, na haikuwahi kumrudisha hata mmoja. Zedekiah aliisikia ikimwuliza ifanye nini. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwuliza, na yeye alijua la kuijibu. Hakumzamisha. Alipitisha kiganja chini ya kidevu cha kamongo, karibu kabisa na yale meno, akamwinua kichwa juu ya maji, akamshikilia hivyo, kama unavyomshika mtoto mchanga kwenye beseni. Watu wakasema amerukwa na akili, samaki anamtoa majini kumponya.

Kamongo akafungua mdomo. Akavuta hewa kwa sauti, sauti ya mzee anayekunywa uji wa moto, na ubavu wake ukajaa mkononi mwa Zedekiah. Akavuta tena. Kisha mwili wote ukakaza, mkia ukampiga fundi tumboni kofi la nguvu, na maji yakafunga mahali alipokuwa.

Sitajaribu kueleza kelele zilizofuata. Akina mama wa barakisi walipiga vigelegele, Wakongomani wakaimba, na Sunday, nampa haki yake, alikuwa wa kwanza kuingia majini kumshika mkono. Zedekiah alibaki amesimama na nguo zikimchuruzika, akiangalia maji. Alijivuna. Alijivuna waziwazi, kifua mbele, wala hakujaribu kuficha, na kilichomshangaza ni kwamba hakuwa akijivunia mikono.

Jalia akaita washindi. Alimkabidhi Mama Alliance kombe, kisha akasoma kanuni iliyoongezwa mwaka huo, ambayo wengi walikuwa wamesahau kuwa ipo: mwanagenzi anayeshinda si mwanagenzi tena. Mwakani atakuwa fundi, na mtumbwi wake, na mwanagenzi wake. Akatoa jezi mpya ya kijani, bado ina mikunjo ya dukani, akamvisha juu ya blauzi yake ya misa.

Mama Alliance alimgeukia Zedekiah akiwa na uso wa mtu aliyefanya kosa bila kukusudia. Akamwambia kwa Lukonzo, kwa sauti ya chini, kwamba hakujua kuhusu hilo, kwamba mwakani watakuwa wapinzani, na kama atapenda, yeye ataikataa.

Zedekiah angeweza kumjibu kwa Lukonzo. Sasa hawakuwa mtumbwini, hakuna kanuni iliyomlazimisha. Lakini Lukonzo wangeielewa watu wa kwao tu, na yeye alitaka wasikie wote, wanajeshi, Wakongomani, watu wa Busongora, na walioning'inia darajani. Akamshika Mama Alliance bega, akamgeuza mpaka mgongo wake ukawaelekea watu, neno lile likasomeka.

"Hii mama ni fundi," alisema kwa Kiswahili, kwa nguvu. "Mimi ndiye ilimufundisha."

Safari hii hakuna aliyecheka.